Muuguzi Anayependa Zamu Ndefu Anapenda Nini Hasa?

Hospitali nyingi duniani zimeacha mpango wa zamu tatu za saa nane nane na kuhamia zamu mbili za saa 12. Muuguzi anaingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja jioni. Mwenzake wa usiku anampokea na kukesha hadi kukuche. Kila mpango huu unapotetewa, hoja ya mbele ni ileile: wauguzi wenyewe wanautaka. Wakipewa dodoso wanajibu kwamba wameridhika na rosta, yaani ratiba ya zamu, na anayependekeza kurudi kwenye saa nane hukutana na manung'uniko. Sina sababu ya kuyatilia shaka majibu hayo. Ninachokipinga ni namna yanavyosomwa. Kuridhika na rosta ni jambo moja na kuridhika na kazi ni jambo jingine, na la kwanza linaweza kupanda wakati la pili linaporomoka. Muuguzi anayesema anaipenda zamu ndefu, mara nyingi anachokipenda ni zile siku ambazo zamu hiyo inamwezesha kutokuwepo wodini. Uongozi unaolichukua jibu hilo kuwa sifa kwa mpango wake umepokea malalamiko ukadhani ni pongezi.

Ushahidi wa mgawanyiko huu umekuwepo kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 2012 Amy Witkoski Stimpfel, Douglas Sloane na Linda Aiken walichapisha uchambuzi wa majibu ya wauguzi 22,275 wa hospitali katika majimbo manne ya Marekani. Zaidi ya asilimia 80 walisema wameridhika na utaratibu wa zamu mahali pao pa kazi. Lakini wauguzi haohao walipotenganishwa kwa urefu wa zamu, waliofanya saa 10 au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, hadi mara mbili na nusu, wa kuchoka kupindukia na kutoridhika na kazi, wakilinganishwa na waliofanya saa 8 hadi 9. Kuchoka kunakozungumziwa hapa kunazidi ule uchovu wa kawaida wa miguu na mgongo. Ni hali ya mtu kuishiwa moyo, kuanza kuwaona wagonjwa kama mizigo, na kuamini kwamba chochote anachofanya hakileti tofauti. Na pale ambapo sehemu kubwa ya wauguzi walifanya zaidi ya saa 13, wagonjwa nao walionyesha kutoridhika zaidi. Miaka mitatu baadaye Chiara Dall'Ora na wenzake waliangalia wauguzi zaidi ya 31,000 katika nchi 12 za Ulaya, wakakuta zamu za saa 12 na kuendelea zinaambatana na kuchoka kupindukia, kutoiridhia kazi na nia ya kuondoka. Msomaji makini atasema tafiti za namna hii zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja bila kuthibitisha kipi kimezaa kipi. Pengine wodi zenye hali mbaya ndizo zinazokimbilia zamu ndefu. Nakubali. Ila hata tukilichukua hilo, hoja yangu inabaki palepale: dodoso la rosta lilikuwa limeshika alama ya ridhaa huku watu wakitafuta mlango wa kutokea, na halikuonyesha dalili yoyote.

Ili kuelewa jinsi mtu anavyoweza kupenda kinachomwumiza, turudi kwenye mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, kuna kifungu kidogo cha seli kinachoongoza saa ya mwili. Jinsi saa hiyo inavyojizungusha ndani ya seli ndiyo iliyowapatia Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Mwanga ndio unaoirekebisha. Giza likiingia, homoni ya melatonini hupanda, na joto la mwili hushuka hadi kufikia chini kabisa karibu na saa kumi alfajiri. Ni saa hiyohiyo ambapo muuguzi wa usiku anakokotoa dozi, anasoma shinikizo la damu, anabadilisha dripu, na kuamua kama mgonjwa wa kitanda cha mwisho anapumua kwa namna inayostahili kumwamsha daktari. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa uwezo kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na baada ya saa 24 hupungukiwa kama mwenye asilimia 0.10. Muuguzi aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, akashinda na shughuli za nyumbani, kisha akaingia zamu yake ya kwanza ya usiku, anazifikisha saa 17 kabla hata ya usiku wa manane. Anapokabidhi zamu asubuhi ameshapita saa 24 bila usingizi. Hakuna hospitali itakayomruhusu mlevi kuchoma sindano.

Kisha inafuata asubuhi. Anafika nyumbani jua limeshachomoza, mwanga umeiambia saa ya mwili kwamba ni wakati wa kuamka, na nyumba nzima imeamka pamoja nayo. Usingizi wa mchana huwa mfupi kuliko wa usiku, mara nyingi kwa saa kadhaa, na hukatika ovyo. Hesabu yake ni rahisi kuifanya. Kati ya zamu mbili za usiku za saa 12 kuna saa 12 tu. Toa muda wa kukabidhi zamu uliopitiliza, safari ya kwenda na kurudi, kuoga, kula, mtoto anayehitaji kusikilizwa. Kinachobaki kwa kitanda ni saa tano au sita endapo usingizi utakubali kuja mara anapolala. Usiku wa pili anauanza na deni, wa tatu na deni juu ya deni. Simon Folkard na Philip Tucker, walipokusanya takwimu za ajali na majeraha kazini mwaka 2003, walikuta hatari inapanda kila usiku unaoongezeka: kwa wastani asilimia 6 usiku wa pili, 17 wa tatu na 36 wa nne, ukilinganisha na usiku wa kwanza. Takwimu hizo hazikutoka wodini pekee, lakini mwili unaokesha kiwandani na unaokesha wodini ni uleule.

Madhara ya muda mrefu yanajulikana vizuri zaidi kwa wauguzi kuliko karibu kundi jingine lolote la wafanyakazi, kwa sababu tangu mwaka 1976 makumi ya maelfu ya wauguzi wa Marekani wamekuwa wakijibu maswali kuhusu afya zao katika mradi wa utafiti uitwao Nurses' Health Study, ambao uliongezewa kundi la pili mwaka 1989. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, wa wauguzi zaidi ya 170,000, ulionyesha kwamba hatari ya kisukari cha aina ya pili hupanda kadiri miaka ya zamu za usiku za kupokezana inavyoongezeka: kwa takriban asilimia 5 kwa aliyefanya mwaka mmoja au miwili, asilimia 40 kwa miaka 10 hadi 19, na asilimia 58 kwa miaka 20 na zaidi. Sehemu ya ongezeko hilo hupitia kwenye unene, ambao nao huchochewa na kukesha. Mwaka 2016 makundi hayohayo yalionyesha ongezeko dogo, lakini la wazi, la magonjwa ya mishipa ya moyo. Kuhusu saratani, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani mwaka 2007, na likasimamia msimamo huo kwa kazi ya usiku mwaka 2019. Utafiti mkubwa wa wanawake wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 haukuona uhusiano na saratani ya matiti, na wanaoutaja wana haki ya kuutaja. Mimi sihitaji saratani kuijenga hoja yangu. Kisukari, moyo na usingizi uliovunjika vinatosha.

Katika hoja zinazotolewa kuwatuliza wauguzi, dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba mwili huzoea. Utaisikia kwa kiongozi wa wodi, kwa jirani, na mara nyingine kwa muuguzi mkongwe aliyekesha miaka 25 na bado anatembea imara. Kama mwili ungezoea, tungeliona jambo hilo kwa wale wanaofanya kazi usiku tu mwaka mzima. Folkard alipopitia tafiti zilizopima melatonini kwa watu hao, mwaka 2008, alikuta walio chini ya asilimia 3 ndio waliohamisha kabisa saa ya miili yao, na hata walioihamisha kwa kiasi cha kuwasaidia hawakufika robo. Sababu yake iko wazi: siku za mapumziko mtu hurudi kuishi mchana pamoja na familia yake, na jua la asubuhi humrudisha kila siku mahali pake. Huyo wa zamu za kupokezana, ambaye wiki hii yuko asubuhi na wiki ijayo usiku, hana hata nafasi ya kuanza kuzoea. Na yule mkongwe aliye imara? Tunamwona kwa sababu amebaki. Walioanza naye wakashindwa wamehamia kliniki za mchana, wameacha kazi, au wameugua. Kumtumia aliyebaki kama ushahidi ni sawa na kuhesabu mitumbwi iliyorudi ufukweni na kutangaza kwamba bahari ilikuwa shwari.

Hoja nzito za kutetea zamu ndefu zipo, na anayezipuuza hajawahi kuishi na muuguzi. Ya kwanza ni makabidhiano. Kila zamu inapobadilika, taarifa za wagonjwa hupita kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na katika kupita huko kuna zinazodondoka. Zamu mbili kwa siku zina makabidhiano mawili. Zamu tatu zina matatu. Ya pili ni safari: siku tatu za kusafiri kwenda kazini ni nafuu kwa mfuko na kwa mwili kuliko siku tano. Ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo ni siku nzima za kuwa huru. Muuguzi anayelea watoto, anayesoma, au anayemtunza mzazi mgonjwa, hawezi kufanya lolote kwa jioni zilizokatwakatwa. Dada yangu ni muuguzi, na nilipomwuliza kwa nini anaitetea zamu ya saa 12 kwa nguvu namna ile, alinijibu kwa sentensi moja: "Mdogo wangu, inanipa Jumatano." Nilielewa. Kisha nikawa naziangalia Jumatano zake. Analala hadi alasiri, anaamka kichwa kizito, anakula bila hamu, na jua likizama ndiyo kwanza anaanza kuzungumza kama mtu. Siku aliyoinunua anaitumia kulipia zile alizoinunulia.

Nadhani hapo ndipo utetezi wa siku huru unapokatika. Unahesabu siku za kutokwenda kazini kana kwamba zote ni za mapumziko, wakati siku ya kwanza baada ya usiku mfululizo, na kwa wengine hata ya pili, ni ya kulipa deni la usingizi. Unahesabu pia zamu kana kwamba inaisha inapoandikwa kuisha. Ann Rogers na wenzake waliwapa wauguzi 393 madaftari ya kuandika saa zao halisi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya zamu 5,317 zilizoandikwa zilizidi saa 12. Uwezekano wa kufanya kosa ulikuwa mara tatu pale muuguzi alipofikisha saa 12 na nusu au zaidi. Zamu ya saa nane ikirefuka kwa saa moja inakuwa zamu ya saa tisa, jambo la kuudhi. Zamu ya saa 12 ikirefuka kwa saa moja inampeleka muuguzi mahali ambapo mikono na akili havimtii tena, na hakuna aliyepanga afike huko. Faida ya makabidhiano machache nayo inapungua nguvu ukiikumbuka hali hiyo: taarifa inayokabidhiwa mara chache, lakini na mtu aliyesimama saa 13, haijalindwa sana.

Mwitikio uliozuka miaka ya karibuni ni kuwafundisha wauguzi kulala. Hospitali huandaa semina kuhusu chumba chenye giza, simu kuwekwa mbali, kahawa kuachwa mapema, na mbinu za kuimarisha ustahimilivu. Mafunzo hayo yana ukweli ndani yake. Kwa mfano, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 na Sarah Chellappa na wenzake liliwachukua watu 19 waliofanyishwa kazi ya usiku ya kuigiza. Waliokula usiku sukari yao ya damu ilipanda, na waliokula mchana tu haikuwapanda. Huo ni ushauri wenye maana kwa muuguzi. Lakini aliyenyimwa mapumziko ya dakika 30 hawezi kuchagua saa ya kula. Anakula akiwa amesimama, pale nafasi inapopatikana. Aliyemaliza zamu ya jioni saa nne usiku na kutakiwa wodini saa moja asubuhi hana usingizi wa kuuboresha, kwa kuwa muda wa kuulala umekatwa na rosta. Ninachokihofia katika semina hizi ni kwamba zinahamisha kosa. Muuguzi akiendelea kuchoka baada ya kufundishwa, uchovu unakuwa wake, na aliyeipanga rosta haulizwi.

Itasemwa kwamba yote haya ni mazuri kuyaandika, ila watu hawatoshi. Hoja hii naiheshimu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025, lilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani na upungufu wa milioni 5.8. Hakuna ratiba itakayoujaza upungufu huo. Lakini tuangalie zamu ndefu inaokoa nini hasa. Wiki ina saa 168. Nafasi moja ya muuguzi kando ya kitanda, ikifanyiwa kazi mchana na usiku, inahitaji saa 168 hizo hata ukizikata vipande vitatu au viwili kwa siku. Kwa wiki ya kazi ya saa 40 ni zaidi ya watu wanne, kabla hujahesabu likizo na ugonjwa. Kukata vipande viwili kunaokoa tu ile nusu saa ya zamu mbili kupishana. Hakuongezi muuguzi hata mmoja. Kinachofanyika ni kwamba uhaba unaonekana umetulia kwa sababu masanduku kwenye rosta ni machache na yamejaa. Na kama zamu hizo zinaongeza nia ya kuondoka, basi dawa inaulisha ugonjwa: anayeondoka anawaachia waliobaki wagonjwa zaidi. Utafiti wa Aiken na wenzake wa mwaka 2002 ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezeka kwa muuguzi mmoja huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka kupindukia. Hospitali inayookoa nusu saa na kumpoteza muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 10 imepata hasara, hata kama hasara hiyo haionekani kwenye karatasi ya mwezi.

Siamini kwamba zamu ya saa 12 ipigwe marufuku kesho. Ningewaonea akina dada yangu, ambao wamejenga maisha yao juu yake. Ninachotaka ni rosta ipewe hadhi ya chati ya dawa: kitu chenye dozi ya juu, chenye muda wa chini kati ya dozi na dozi, na chenye mtu anayewajibika dozi ikizidi. Mipaka tayari imeandikwa. Pendekezo namba 157 la Shirika la Kazi Duniani kuhusu wauguzi, la mwaka 1977, linataka siku ya kazi isizidi saa 12 pamoja na muda wa ziada, na kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai walau saa 11. Juu ya hapo, usiku mfululizo usizidi mitatu. Kupokezana kufuate mwelekeo wa siku, asubuhi kwenda mchana kwenda usiku, kwa kuwa kuchelewa kulala ni rahisi kwa mwili kuliko kuwahi. Usingizi mfupi wa katikati ya usiku uwe haki yenye chumba na mtu wa kushikilia wagonjwa, badala ya kuwa siri ya kufichana. Rosta itolewe wiki kadhaa kabla, na muuguzi awe na sauti ndani yake, maana kuweza kuupanga muda wako mwenyewe ni sehemu kubwa ya kinachomfanya mtu aendelee kuipenda kazi. Na aliyekesha apatiwe namna ya kufika nyumbani. Katika jaribio la mwaka 2016, wafanyakazi 16 wa usiku waliendesha gari kwenye njia maalumu ya majaribio. Baada ya kulala usiku hakuna aliyekaribia ajali; baada ya zamu, zaidi ya theluthi walinusurika ajali kidogo tu, na safari karibu nusu zilisitishwa kabla ya muda kwa usalama wao.

Dodoso nalo libadilike. Linalojazwa Jumatano alasiri, baada ya usingizi, litaendelea kuleta majibu yaleyale. Lijazwe asubuhi ya usiku wa tatu, kabla ya kukabidhi zamu, na kando ya swali la kama rosta inamridhisha pawekwe jingine: kama wodi hii ingekuwa na watu wa kutosha na ungetoka kwa wakati ulioandikwa, ungechagua zamu gani? Wapo watakaochagua saa 12 hata hapo, na wapewe. Wengine watachagua tofauti na walivyosema mwaka jana, na uongozi utakaoyasoma majibu hayo utajua ni wangapi kati ya wauguzi wake walioridhika ambao kwa kweli walikuwa wanaomba kupumzika.